Sala ya Bibi kwa Punda wa Katuni

Wewe unayesoma, sogea nikueleze tulivyotazama katuni Ifakara miaka ya tisini. Televisheni ya mtaa wetu ilikuwa kwa fundi baiskeli. Ilitumia betri ya gari, na betri ikiishiwa nguvu picha ilisinyaa mpaka ikapotea. Kwa hiyo kila jioni tuliomba jambo moja tu, katuni iishe kabla ya betri.

Siku moja bibi yetu, mzaliwa wa Mahenge na kiongozi wa sala za jumuiya, alikuja kuona kitu kinachotufanya tukimbie rozari. Akapewa kigoda mbele kabisa. Punda wa katuni alikuwa anamfukuza fisi aliyemwibia kofia. Alipokaribia kumshika akateleza, akaanguka kutoka juu ya mlima na kuwa bapa kama mkeka.

"Masikini, amekufa!" bibi akasema, akafanya ishara ya msalaba.

"Bibi, huyo anaamka sasa hivi," nikamwambia.

"Nyamaza wewe. Simameni."

Kwetu, sala ya marehemu ikianza hakuna anayebaki amekaa. Tulisimama wote, fundi naye akavua kofia, tukafumba macho na kuitikia. Tulipofumbua, kioo kilikuwa cheusi. Betri ilikuwa imekwisha.

"Mmeona?" bibi akasema kwa upole. "Amepumzika."

Mpaka leo sijui kama yule punda alipata kofia yake. Basi ukitaka kutazama katuni na bibi yako, mweleze kabla haijaanza kwamba wanaoanguka humo huinuka.