Ndege Iliyopakwa Samli

Siku niliyochoshwa na neno "mshukuru Mungu" naikumbuka vizuri, mwanangu, na wewe ulikuwepo, mgongoni kwangu, umelowa. Tulikuwa tumesimama kwenye nyasi za uwanja wa ndege wa Mwanza. Meneja wa kampuni ya ndege, kijana wa miwani ya jua, alikuwa akinirudia maneno yaleyale: "Mama, si mmefika? Mshukuru Mungu."

"Mungu nimeshamshukuru," nikamwambia. "Sasa naongea na wewe."

Tulikuwa tumetoka Bukoba kumzika shangazi yangu. Enzi hizo biashara ilikuwa imefunguliwa, kila mwenye uwezo analeta chake: huyu basi, yule mitumba, na meneja wetu ndege ndogo ya injini moja. Mjomba akasema meli itanitesa na mtoto, akanikatia tiketi ya ndege. Nikakalishwa mbele, kando ya rubani, wewe mapajani. Rubani alikuwa mtu mzima, mpole, sote tukimwita Kapteni.

Mbele yetu kulikuwa na kishikizo cheusi. Ukikisukuma ndani, injini inakunywa mafuta mengi, ukikivuta, inapunguza. Kama eksileta ya gari, ila ya mkono. Tulipoanza kuyaona mawe ya Mwanza, Kapteni akakivuta ili tushuke. Hakikutoka. Akajaribu tena polepole. Injini ikanguruma vilevile, kama haijaambiwa kitu.

Nyuma yetu mfanyabiashara wa samaki akapaza sauti: "Kivute kwa nguvu, Kapteni! Basi letu la Misungwi gia ikigoma, dereva anaipiga teke!"

"Hilo ni basi, mzee," Kapteni akajibu bila kugeuka. "Nikivuta kwa hasira waya ukakatika, tutabaki na injini isiyomsikia mtu."

Hapo ndipo nilipojifunza, mwanangu, kwamba kilichokwama hakishindwi kwa ubishi. Haraka haraka haina baraka, na angani haina hata mahali pa kuegesha. Kapteni hakushuka. Alibaki juu, akaongea kwa redio na watu wa mnara wa kuongozea ndege waziweke ndege nyingine kando, akazunguka mpaka uwanja ukawa chini yetu kabisa. Kisha akaniambia, "Mama, mshike mtoto vizuri. Nitakata mafuta kwa hiki kishikizo chekundu, injini itazimika. Ndege haitaporomoka, itateleza. Mkisikia kimya, asinishike mtu bega."

Akakivuta. Kimya kile sitaki kukusimulia sana. Ulikuwepo upepo tu, na yule mzee wa samaki akisali kwa Kisukuma, akikosea, akianza upya. Magurudumu yakagusa chini, tukaserereka mpaka tukasimama. Abiria wanaume wakashuka kuisukuma ndege pembeni kama gari bovu.

Fundi wa kampuni akafunua injini, na mimi nikanusa harufu ya jikoni kwa mkwe wangu. Samli! Grisi inayotakiwa ilikuwa haijaletwa, kwa hiyo meneja alimwamuru fundi aupake samli waya wa kile kishikizo, kama watu wetu wanavyopaka mnyororo wa baiskeli. Chini, kwenye joto, inateleza kama mafuta. Juu kwenye baridi inaganda, na pamoja na vumbi inakuwa gundi. Kapteni alikuwa ameshasema kwamba kishikizo kimekuwa kizito. Aliambiwa arushe hivyohivyo, wateja wanasubiri.

"Na kesho?" nikamuuliza meneja.

"Kesho asubuhi inakwenda Musoma. Tutaipaka nyingine kidogo, ilainike. Mama, si mmefika?"

Hapo ndipo nilipomjibu vile nilivyokwambia. Naye akacheka.

Nyumbani Kirumba nikamkuta baba mkwe ameshapata habari, ameshawaita majirani kwa sala ya shukrani. "Mayu," akaniambia, neno ambalo kwetu ni la kumheshimu mama, "funika kombe mwanaharamu apite. Mtoto mzima, wewe mzima. Tumchinje kuku, yaishe."

"Kuku nitakula, baba," nikamwambia. "Lakini huyu mwanaharamu hapiti. Anaruka kesho na watoto wa wenzangu."

Akanikazia macho. Alikuwa mkwe, nami nilimheshimu, lakini alfajiri nikakubeba nikaenda zangu uwanjani, barua mkononi. Mkuu wa uwanja alipoisoma, ndege ikazuiwa. Usidhani nilipigiwa makofi. Abiria wa Musoma walinuna, mama mmoja akaniita mchawi wa safari za watu. Nikamwambia heri uninunie ukiwa ardhini.

Basi mwanangu, shika hili. Kitu kikikukwamia mkononi, usipigane nacho. Tulia, baki juu, tafuta njia ya pili. Na ukishafika salama usinyamaze, maana mficha maradhi kilio humfichua, na kilio chenyewe huwa cha watu wasiokuwepo ulipoficha. Kumshukuru Mungu ni wajibu. Kumtumia Mungu kufunikia uzembe ni matusi kwake. Akulinde angani na majini, akupe utulivu wa Kapteni, na mdomo wa mama yako.

Na barua yenyewe hivi ndivyo nilivyoiandika:

Kwa Mkuu wa Uwanja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU NDEGE YA ABIRIA KUPAKWA SAMLI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mkazi wa Kirumba. Jana nilisafiri kutoka Bukoba na mtoto mchanga, kishikizo cha mafuta kikakwama tukiwa hewani. Rubani alitenda ipasavyo, naomba asiadhibiwe. Meneja amekiri waya ulipakwa samli, na amesema leo utapakwa tena.

Naomba ndege hiyo isiruke mpaka waya ubadilishwe na upakwe kinachostahili. Kama kuna shaka, naomba meneja aulizwe iwapo atapanda yeye na mwanawe, hivyo ilivyo.

Nasubiri majibu hapa mlangoni kwako. Uji wa mtoto nimebeba.

Wako katika ujenzi wa taifa.