Mkono Usiotaka Kuachia

Kazini walimwita Mama Zimamoto, na jina likamkaa. Alikuwa fundi wa mitambo katika kampuni iliyouza tiketi za mabasi mtandaoni. Programu yao iliendeshwa ndani ya kontena, vyumba vidogo kwenye kompyuta za mbali vinavyogawana wateja. Wateja wakijaa, anaongeza kontena kwa mkono, wakipungua, anapunguza. Miaka nenda miaka rudi, simu ikilia tu, anakurupuka. Na wateja hawana adabu: hujaa asubuhi, saa ileile anayotakiwa kumshika baba yake mkono.

Baba alikuwa amepooza upande mmoja. Daktari alisema wazi kwamba asipofanyishwa mazoezi ya kutembea kila asubuhi, mguu ndio basi tena. Zimamoto akawa anamshika kwa mkono mmoja, simu kwa mwingine, mpaka siku mzee alipomponyoka akaanguka chini pwaa! Siku hiyo alimfuata bosi.

"Tuuache mfumo uongeze kontena wenyewe. Nimechoka, bosi."

"Na mfumo ukikosea?"

"Mbona mimi nakosea kila siku? Angalau wenyewe hauchoki."

Bosi akacheka, akakubali. Wakaweka kiwango cha chini na cha juu, katikati mfumo ujiamulie.

Asubuhi iliyofuata simu haikulia, na hilo ndilo lililomnyima raha. Mazoea yana taabu! Alimwacha baba kitini, akafungua kompyuta "mara moja tu", akaona wateja wanapanda, akaongeza kontena kwa mkono. Mfumo ukaona zimezidi, ukapunguza. Akaongeza. Ukapunguza. Wakavutana hivyo, kama wake wenza wanaogombania mwiko kwenye sufuria moja. Tiketi zilikuwa zinauzwa bila shida yoyote. Mwenye shida alikuwa yeye.

"Mwanangu," baba aliita.

"Nakuja, baba, dakika moja."

"Usije. Nimeshafika."

Akageuka. Mzee alikuwa amesimama dirishani, upande wa pili wa sebule, jasho likimtiririka, mkono mzima umeng'ang'ania pazia. Hatua zake za kwanza peke yake tangu augue, na binti yake alizipa kisogo. Moyo ulimuuma, wala hakuficha.

"Rudia, baba. Nakuomba, nami nione."

"Miguu imechoka, mama," mzee akasema kwa upole. "Niletee kiti."