Mtoto Ndani ya Shati Langu

Mwezi wa saba ukifika na ukungu ukashuka mpaka kwenye mlango wa jikoni, mkono wangu huenda kifuani wenyewe. Mwikali akiniona hucheka, maana mke wangu anajua ninakumbuka nini. Wewe Kyalo, mkwe wangu ninayekuita mwanangu, hujui. Na kwa kuwa jana ulinipigia simu kutoka Mwingi ukaniambia kwamba wiki hii unamleta Ndunge na mtoto huku vilimani ili mama yake amlee uzazi, nimeona leo nikupigie mimi, nikukalishe kidogo. Tafuta kiti. Mimi nikianza kusema sina haraka.

Ulisema huko Mwingi jua ni kali na mtoto mnamvalisha kijishati chepesi tu. Ulisema hivyo kwa furaha, na mimi huku mkono ukawa umeshaenda kifuani.

Nilipokuwa kijana kama wewe nilikuwa na kibanda cha kuziba pancha Sultan Hamud, kando ya barabara ya Mombasa. Vumbi, jua, moshi wa malori, ndiyo maisha niliyoyajua. Mwikali alijifungulia pale mjini, mtoto wa kike, kifungua mimba wetu. Mama yangu mzazi alikuwa amefariki kabla hata hatujaoana, hakuwahi kumshika mjukuu. Unaijua desturi yetu: binti wa kwanza huitwa jina la mama ya baba. Kwa hivyo mtoto akaitwa Ndunge. Lakini mimi sijawahi kumwita hivyo. Humwita Mwaitu, yaani mama yangu, kama unavyonisikia mpaka leo, mtu mzima na mvi zangu nikimwita mke wako mama.

Siku aliyozaliwa sikumshika. Wanaume wa wakati ule hatukushika kitoto kibichi, tungeonekana tumerogwa. Nilimtazama tu mikononi mwa Mwikali, nikaliona paji la uso la mama yangu pale, lile lile, na mkunjo wake. Nikatoka nje nikaenda kulia nyuma ya kibanda, halafu nikarudi nikajifanya nimeingiwa na vumbi.

Sasa, mama yangu hakuwepo wa kumlea Mwikali uzazi. Aliyebaki ni mama yake, huku juu ya Mukuyuni. Na hapo ndipo nilipokuwa na shida, kwa sababu ya nthoni, ile desturi ya mtu kumwepuka mama mkwe wake kwa heshima. Nyinyi vijana mmeilegeza, mnasalimiana na mama mkwe kwa simu na picha mnatumiana. Sisi hapana. Nikimwona mama mkwe anakuja njiani, nilikuwa naingia vichakani mpaka apite. Sikula mbele yake. Sikumtazama usoni. Akitaka kuniambia jambo alimwambia Mwikali, hata kama nimesimama hapo hapo namsikia. Jina lake sijawahi kulitamka, na hutalisikia leo pia.

Tulitoka Sultan Hamud jua likiwa limeshachomoza vizuri, tukapewa lifti na mteja wangu mmoja mwenye pikapu. Mtoto alikuwa na gauni la pamba na leso, basi. Kofia tuliiacha kwenye begi kwa sababu alikuwa akitoka jasho kichwani. Mtu akitazama joto la pale angesema tumemvalisha kupita kiasi. Hatukufikiria kwamba tunampeleka nchi nyingine, ingawa ni kaunti moja.

Tulipofika Mukuyuni ilikuwa siku ya soko na watu wamejifunika mabushuti. Tukaendelea kupanda. Ukungu ulikuwa mzito, manyunyu yanaanguka, barabara imekuwa matope matupu, na kabla ya kufika pikapu ikazama. Dereva akasema atatafuta watu wa kusukuma. Mimi nikasema kutoka hapo si mbali, tutembee. Nilimvika Mwikali koti langu, nikabeba begi mkono mmoja na gunia la unga begani, nikatangulia. Njia ile inapanda, mwanangu, unaijua. Nilikuwa natiririka jasho. Nilikuwa na joto sana, na mtu mwenye joto hudhani kila mtu ana joto. Nyuma yangu koti lilikuwa linafunguka kifuani kila Mwikali akikanyaga, manyunyu yanaingia kwenye leso, na mimi sikugeuka kutazama.

Tulimkuta mama mkwe peke yake. Majirani wote walikuwa wameteremka sokoni. Alikuwa na kikohozi kibaya, amejifunga shuka mpaka puani. Mimi nikaweka mizigo nikasimama nje kando ya ghala, mahali pangu. Nikasikia Mwikali akisema kwa furaha, "Ametulia sana. Njia yote hajalia."

Baadaye Mwikali alinieleza alichokifanya mama yake. Alifungua ile leso, akaikuta imelowa. Akashika miguu ya mtoto. Akaacha miguu, akaweka kiganja tumboni, na tumbo nalo lilikuwa baridi. Wakampa ziwa, hakulishika. Kinywa kilikuwa kimelegea tu.

Nilisikia sauti yake ikisema, "Mwambie bwana yako aingie."

Nikaingia nikiwa nimeinamisha kichwa. Nikaona miguu yake tu, na matope kwenye miguu ya Mwikali. Mwikali alikuwa amelowa, meno yanagongana, midomo imebadilika rangi. Mama mkwe akakohoa akiwa amegeukia ukutani, akapumua, na hakumwambia tena Mwikali. Alisema na mimi.

"Toa shati."

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamtazama Mwikali anifafanulie, kama kawaida yetu.

"Usimwangalie huyo," akasema. "Nakuambia wewe. Mama yake amekuwa baridi kama ukuta. Mimi niko na kikohozi, siwezi kumpumulia mtoto mdogo hivi. Mwenye ako na joto hapa ni wewe. Toa shati."

Mwanangu, sijui nikuelezeje. Mbele ya mama mkwe nilikuwa sijawahi hata kuvua kofia. Mikono yangu ilikataa vifungo. Na hapo akanitazama usoni, mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake, macho kwa macho, akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Huyu ni mama yako. Unataka kumzika mara mbili?"

Vifungo nilivikata. Sikuvifungua.

Akanirushia taulo nijipanguse jasho. Alikuwa ameshamvua mtoto zile nguo mbichi, amemkausha, amembakizia nepi tu, na kichwani amemvika soksi ya sufu, maana kofia kwenye begi nayo ilikuwa imelowa. Akamweka kifuani pangu, tumbo lake juu ya moyo wangu, uso umegeukia upande ili pua iwe wazi. Akatufunika sote wawili kwa blanketi. Akaniketisha mbali kidogo na moshi.

Ile baridi iliniuma. Nilikuwa nimezoea kubeba magurudumu ya lori, na kile kitoto hakikuwa na uzito hata wa spana zangu, lakini nilihisi siwezi kuinuka nacho. Sikusikia akipumua. Nilisikia moyo wangu tu ukipiga, nikawa sijui kama kuna mwingine chini yake. Mwikali alikuwa anabadilisha nguo huku analia bila sauti. Mama mkwe alikuwa anapasha uji, mgongo ametugeuzia, na najua alikuwa anaomba kwa sababu sufuria iliungua kwa kukosa kukorogwa.

Akasema bila kugeuka, "Mwongeleshe."

"Niseme nini?"

"Chochote. Amekusikia tangu akiwa tumboni."

Nikasema, "Mwaitu." Nikarudia, "Mwaitu, ni mimi." Na nilipolisema hilo kuna kitu kilinijia ambacho mpaka leo kinanitetemesha. Kwamba mama yangu naye aliwahi kunibeba hivi. Nilikuwa kiasi hiki. Yule mama niliyemzika, niliyemjua akiwa na mikono migumu ya jembe, aliwahi kukaa mahali fulani kwenye baridi ya mwezi wa saba, amenishikilia hivi, anasikiliza kama ninapumua. Hakuwahi kuniambia. Hakuna mama anayemwambia mtoto wake hayo. Niliogopa, si woga wa mauti peke yake, bali ule woga wa mtu aliyeingizwa mahali patakatifu bila kuvua viatu.

Sikujua muda umepita kiasi gani. Nilichojua ni kwamba ile baridi ilikuwa inapungua polepole, mpaka nikawa siwezi kusema ngozi yangu inaishia wapi na yake inaanzia wapi. Halafu kidole kimoja cha mguu kikanisukuma mbavuni. Kidole tu. Kikasukuma tena. Kisha kile kichwa kikaanza kutikisika, kinywa kikafunguka, na mtoto akaanza kutafuta ziwa kwenye kifua changu mimi, mwanaume mwenye nywele kifuani, anatafuta kwa hasira kabisa.

Nilicheka na machozi yakanitoka. Alipokosa alichotafuta, alilia. Kilio kile, Kyalo, sijasikia kwaya iliyokishinda.

"Sasa anatafuta," mama mkwe akasema. "Mpe mwenye maziwa."

Mwikali alikuwa ameshakauka na kupata uji na joto. Mtoto akanyonya. Mama mkwe akaketi chini sakafuni kama mtu aliyekatwa nguvu.

Lakini hakusema yameisha. Alisema mtoto aliyepoa hivyo lazima aonwe na daktari, ila asitolewe nje akiwa baridi, apashwe kwanza, na atolewe hivyo hivyo akiwa ngozi kwa ngozi. Kwa bahati pikapu ilikuwa imetolewa matopeni, dereva akatufuata mpaka mlangoni. Basi nikateremka mpaka Mukuyuni na mtoto ndani ya shati, koti juu, kikofia cha soksi kimechungulia shingoni. Pale sokoni gari likasimama kupisha mbuzi na wauza nyanya wakaniona. Mmoja akaniuliza nitajifungua lini. Wote wakaangua kicheko, na mimi nikacheka nao, sikuona haya hata kidogo. Muuguzi alimpima mtoto, akasema tumefanya vizuri kumpasha kwanza, akatuweka pale tuangaliwe mpaka kesho yake. Siku zilizofuata mtoto alilala vifuani kwetu kwa zamu, mimi na Mwikali.

Mama mkwe na mimi tulirudia nthoni yetu. Nikimwona njiani naingia vichakani. Lakini lilikuwa linanikaa moyoni. Nilikuwa nimesimama kifua wazi mbele yake, tumetazamana, tumesema. Wazee waliniambia mtu akivunja nthoni hupeleka mbuzi. Nikanunua beberu mzuri, nikampa Mwikali ampelekee.

Mwikali alirudi na mbuzi wangu, anamvuta kwa kamba. Nikadhani mama amekasirika.

"Amesema mbuzi arudi nyumbani," Mwikali akaniambia. "Amesema hakuna kitu umevunja. Eti siku ile hakuona mwanaume akitoa shati. Aliona mama akilea mtoto."

Niliketi chini, mwanangu. Beberu akala majani ya maharagwe yangu yote, nami nikamwacha.

Yule mama alishalala, Mungu amrehemu. Sasa sikiliza ninachotaka kutoka kwako, maana nimezunguka sana. Huku kwetu mwezi huu si wa kumtembeza mtoto mchanga. Ikiwezekana, ngojeni baridi ipungue, mama yake atakuja huko Mwingi, nauli nitajua mimi. Lakini kama lazima mje, basi msimvalishe kwa jua la mnakotoka. Mvalisheni kwa ukungu wa mnakokuja. Pikipiki usiniletee hapa mlangoni. Panda gari lenye vioo, mje mchana jua likiwa juu. Kichwa chake kiwe na kofia, na nguo yake ikilowa, hata kidogo, badilisha hapo hapo, usingoje kufika. Na usimsifu mtoto kwa kunyamaza. Mwekee mkono tumboni. Akiwa baridi, akilegea, akikataa ziwa, mpashe kifuani na umkimbize hospitali mkiwa hivyo hivyo, usikae nyumbani kusubiri uone. Ndunge amejifungua juzi tu, amechoka, damu bado kidogo. Mwenye ako na joto ni wewe.

Mwikali ameshafuma kofia mbili. Yeye nthoni bado anaishika, hawezi kumwambia mkwe wake haya mwenyewe, ndiyo maana nimesema mimi.

Mungu aliyempasha Mwaitu awafunike njiani, awape gari zima na dereva asiye na pupa, na mtoto huyo akue mpaka naye azeeke, kila mwezi wa saba mkono ukimwenda kifuani. Na siku mtakayofika, ukishuka na mtoto ndani ya shati, ukamkuta Mwikali amesimama mlangoni, usiingie vichakani. Pita mbele yake kifua wazi. Hatakuona wewe.