Mzungu Alipotema Ulanzi

Jumamosi nilikuwa kwenye kilabu cha ulanzi, ile pombe ya mianzi, kijijini Namswea, likasimama gari kubwa lenye vitanda na jiko ndani. Wakashuka mume na mke, Wazungu wanaozunguka nchi wakionja pombe za wenyeji, pamoja na mkalimani wao.

Mama muuzaji akanywa funda la kwanza mbele yao, wajue hakuna sumu. Mzungu akapokea kikombe, akafumba macho, akasukutua, akatema.

Kilabu kizima tukaweka vikombe chini. Mimi cha tatu kilikuwa tumboni tayari.

“Amekuta nini humo?” mzee mmoja akauliza.

“Kwao waonjaji hutema, Mama,” mkalimani akasema haraka. “Wanaogopa kulewa safarini.”

Mama akalitazama lile gari, akamjazia Mzungu kikombe upya.

“Mwambie ameze. Mtu anatembea na kitanda chake, anaogopa nini kulewa?”