Laptopu Niliyoifunika Bila Kuizima

Nimekosa. Naandika bila jina kwa sababu jina langu mjini hapa limeshatajwa vya kutosha.

Kazi yangu ni kupiga picha harusi za wanawake. Wanaume hawaingii, mabuibui yanavuliwa, nywele zinaachiwa, na mpiga picha lazima awe mwanamke wa kuaminika. Mwanamke huyo ndiye mimi, mashallah.

Nilinunua laptopu ambayo diski yake hujifunga yenyewe, haisomeki bila neno la siri. Basi nikawa mtaalamu! Bi Salama aliponiuliza picha za harusi ya mwanawe zitakaa wapi, nilimjibu kwamba hata aliyeitengeneza hawezi kuzifungua. Akaridhika, maskini.

Kuizima sasa? Mtu mwenye shughuli zake kama mimi asubiri iwake tena? Nilikuwa naifunika tu, inalala, natia mkobani naondoka.

Ikaibwa ukumbini nikiwa nakula biriani. Nikacheka. Nikasema mwizi kajipatia kibao cha kukatia vitunguu. Sikumwambia Bi Salama wala mteja mwengine. Niwatie hofu ya bure ya nini?

Nilipokwenda Darajani kununua nyingine, aliyeniuzia ile ya kwanza aliniuliza kama niliizima. Nikasema niliifunika. Akaniangalia kwa huruma, akanieleza kwamba diski ile hujifunga umeme ukikatika. Ikilala tu, bado iko wazi. Mwizi huiwasha upya bila kuikatia umeme, akachomeka flashi yake, akasoma kila kitu bila kuulizwa neno la siri. Yaani nilinunua kufuli la gharama, nikaurudisha mlango bila kulitia. Hongera yangu.

Hata hapo sikusema. Nikaomba mwizi awe mjinga kama mimi. Hakuwa.

Picha za bibi harusi, binti wa Bi Salama, kichwa wazi, zilifika kwenye simu ya shemeji yake, kisha kwa mumewe. Mume haamini kwamba si mkewe aliyezituma. Binti amerudi kwao.

Bi Salama alikuja kwangu, akakataa kukaa.

"Ulijua tokea lini, mwanangu?"

Nikamwambia kweli.

"Ungenambia siku ile, ningekwenda kwa mkwe mwenyewe kabla hajaziona."

Jamani, zimeni laptopu zenu, msizifunike tu. Na zikiibwa, semeni siku hiyo hiyo, aibu yenu iwe ndogo.

Mimi harusini bado naalikwa. Napewa kiti karibu na mlango, na mtu wa kunipekua mkoba.