Ng'ombe Chini ya Bahari

Mwaka wa kwanza wa ndoa yetu, miaka ya tisini ikielekea kwisha, mume wangu alikuwa akichora mabango ya maduka na bucha za Kitengela. Siku moja mwalimu mkuu wa chekechea jirani akamwita. Alitaka kuta mbili za darasa zichorwe: mmoja bahari, mwingine anga na nyota zake.

"Kwani umewahi kuona bahari?" nilimuuliza.

"Kwani wewe umeona?" akajibu, akicheka.

Sote tulitoka Kakamega. Maji tuliyoyajua ni ya mto. Lakini alianza kwa raha, nami nikitoka kazini nilimchanganyia rangi. Wakatokea samaki, kasa, na pweza aliyefanana na muhogo uliong'olewa na mizizi yake. Upande wa pili akaweka mwezi, sayari yenye pete, na roketi.

Kisha akakwama. Chini kabisa ya bahari na juu kabisa ya anga alipaka nyeusi tupu, akakaa juu ya ndoo.

"Hapa sijui kuna nini. Nikichora kitu nitakuwa nadanganya watoto."

Mama mwenye nyumba yetu, Mmaasai tuliyemwita Yeyo kama watoto wake walivyomwita mama yao, alikuwa ametuletea chai.

"Nani anajua?" akauliza.

"Hakuna, Yeyo. Hata wasomi hawajafika."

"Basi utadanganya nani? Lete brashi."

Akakusanya shuka yake isiguse rangi, akachora ng'ombe mweupe chini ya bahari. Halafu akapanda kwenye meza, akachora mwingine huko mbele ya roketi.

"Kama kuko na nyasi, wako," alisema. "Kama hakuna, mtaniambia mkifika."

Jumatatu mwalimu mkuu alisimama mbele ya yule ng'ombe wa baharini. "Hii ni nini?"

"Ni sehemu ambayo bado haijulikani, madam," mume wangu akajibu.

Akaamuru ifutwe. Lakini watoto walikuwa wameshaingia, wakibishana ng'ombe huyo atakunywaje maji ya chumvi. Mwalimu akawasikiliza, akashindwa kujizuia kucheka. Mwishowe akasema nyeusi iliyobaki waachiwe wao.

Muhula ulipoisha, huko gizani kulikuwa na kanisa, chapati, na nyanya wa mtoto mmoja akifua nguo. Mume wangu hakuongeza kitu. Alikwenda tu kila Ijumaa kuwachanganyia rangi, bila kuitwa, na jioni akanisimulia nani amechora nini mpaka ugali ukapoa.