Halua ya Utepe wa Kijani

Nakumbuka siku moja, miezi miwili baada ya harusi yangu, na siku hiyo naikumbuka kuliko harusi yenyewe.

Mwanangu, kijijini kwetu Ole harusi zilipikwa kwa vyombo vya kuazimana. Masinia na masufuria ya mtaa alikuwa nayo Bi Mize, jirani yetu mjane. Mimi nilikuwa nimeajiriwa juzijuzi, nikaona kula sinia moja watu wanne ni ushamba. Mama aliponiuliza habari za masinia, nikamjibu kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo.

"Haya," akasema, "usitukane wakunga na uzazi ungalipo."

Sikusikia. Nikaleta kutoka mjini Chake sahani za kutupa, na halua ya kila mgeni katika mfuko wake wa nailoni, umefungwa utepe wa kijani. Watu wakala, wakatupa, wakasifu. Kichwa kikanivimba.

Basi siku hiyo, miezi miwili baadaye, Bi Mize akabisha hodi. Ng'ombe wake, aliyekuwa akimfunga nyuma ya nyumba yetu, kafa. Bwana mifugo alimpasua, akakuta tumbo limejaa mifuko. Tepe za kijani nilizitambua mwenyewe. Maziwa ya ng'ombe yule ndiyo yaliyokuwa yakimlea mjukuu wake yatima.

"Bi Mize, mie sikumlisha," nikasema. "Wageni ndio walotupa."

"Mwanangu, weye ulitupa siku ile ulonunua. Wao wamekusaidia kuchukua tu."

Tulimpa ndama, akampokea bila kinyongo. Lakini ndama hakamuliwi, na yule mtoto alikunywa uji usio na maziwa kwa muda mrefu. Nilikuwa nikimwona kila asubuhi mlangoni na kikombe chake. Niliona haya, na hata leo naona.

Sasa nasikia Ijumaa ijayo unaoa, na umeagiza makatoni ya maji ya chupa ndogo, na mifuko iliyochapwa sura yako na ya bibi harusi. Sijui nani atakwenda sokoni kununua dagaa na sura yako mkononi. Unaniambia nailoni imepigwa marufuku, hii ni mifuko mizuri, kwa hiyo wewe unatunza mazingira. Kila nyumba ya mtaani kwenu Madungu ina mifuko hiyo imejaa nyuma ya mlango. Mwenye mitatu akiongeza wa nne, huko si kutunza, ni kununua.

Nasaha yangu ni hii. Kabla hujatoa pesa, uliza kitu hicho kikishatumika kitakwenda kukaa wapi, na karibu na nani. Kisha uliza kama jirani anacho. Ukiona haya kuazima, jua kwamba gharama ya haya hiyo ataibeba mtu mwingine, na huenda hata harusini hukumwalika.

Mola aibariki ndoa yako, mwanangu. Akupe kinachotosha, na akujaalie kukiona kuwa kinatosha. Amin.